Kwa nini Kasisi Patrick Brontë alifiwa na watoto wake wote sita?

Patrick Brontë alizaliwa mwaka 1777 katika familia maskini ya County Down, Ireland, mtoto wa kwanza kati ya kumi. Alijisukuma hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa kasisi wa Kianglikana, na kuanzia 1820 akahudumu Haworth, kijiji cha vilimani kaskazini mwa Uingereza. Alifariki 1861 akiwa na miaka 84. Mke na watoto sita, wakiwemo waandishi wa riwaya Charlotte, Emily na Anne, walikuwa wameshatangulia wote. Hakuacha hata mjukuu.

Mkewe, Maria, alifariki 1821, kitinda mimba hajatimiza miaka miwili. Mama mkubwa wa watoto, Elizabeth Branwell, akaja kuwalea. Kipato cha kasisi hakikutosha kusomesha mabinti watano, kwa hiyo mwaka 1824 wanne walipelekwa Cowan Bridge, shule ya bei nafuu ya mabinti wa makasisi. Kulikuwa na baridi na chakula kibovu. Mwaka uliofuata Maria, miaka 11, na Elizabeth, miaka 10, walirudishwa nyumbani na kifua kikuu. Wakafa, hata wiki sita hazikupita kati yao.

Kifua kikuu ndicho jibu kubwa. Huambukizwa kwa hewa, lakini vimelea vyake vilikuja kugunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, kwa hiyo ndugu waliuguzana wakivuta hewa ileile. Branwell, mtoto wa kiume pekee, aliyekwisha kudhoofishwa na pombe na afyuni, alikufa Septemba 1848. Emily akafuata Desemba, Anne Mei 1849. Watatu katika miezi minane hivi! Charlotte aliolewa 1854 na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, akafa Machi 1855 akiwa mjamzito. Cheti kilitaja kifua kikuu, ingawa wengi sasa wanashuku kutapika kwa mimba kupita kiasi.

Kijiji nacho kilikuwa kinaua. Brontë mwenyewe alishinikiza serikali ilete mkaguzi, na mwaka 1850 Benjamin Babbage akakuta vyoo 69 tu, hakuna mifereji ya majitaka, na makaburi yamejaa pembeni mwa kanisa. Wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 25.8. Usidhani watu wazima wote walikufa vijana: zaidi ya watoto wanne kati ya kumi hawakufikisha miaka sita, na hao ndio walioushusha wastani. Wenye mali waligomea gharama, maji safi yakachelewa kwa miaka.

Nicholls alimtunza mkwewe hadi mwisho. Mzee alipofariki, wadhamini wa kanisa walimnyima nafasi yake, na kwa kuwa nyumba haikuwa ya familia, akafungasha na kurudi Ireland.