Ubaguzi wa kila siku ni nini?

Soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo. Mteja anapima unga kwa macho, kisha anauliza: "Mama, kwenu ni wapi?"

"Ni hapa, Katuba."

"Hapana. Kwenu kwenu?"

Mama anacheka na kutaja Kasai, eneo jingine la Kongo, ambako hajakanyaga. Babu yake ndiye aliyetoka huko. Reli ya Ilebo hadi Bukama ilipokamilika mwaka 1928, vijana wengi wa Kasai walishuka nayo kuja kutafuta kazi kwenye migodi ya Katanga. Wajukuu wao bado wanaulizwa watarudi lini.

Hakupigwa wala hakunyimwa kitu. Lakini swali hilo, likirudiwa miaka na miaka, ndilo sura ya ubaguzi wa kila siku. Mwaka 1997 mtafiti David R. Williams na wenzake walichapisha utafiti wa Detroit, Marekani, wenye maswali 9 ya kuupima: watu hukuonyesha heshima ndogo? Dukani hukuhudumia vibaya? Hukuona mjinga, au mwizi? Anayejibu anasema pia ni mara ngapi, maana uzito wa jambo hili uko katika kujirudia kwake.

Tusi la wazi, angalau, unalijua ni tusi. Muuzaji akikurudishia chenji bila kukutazama, je, ni jina lako au ameamka vibaya? Unalala nalo. Kesho yake, kabla ya kutoka, unachagua nguo kwa makini, na ndani ya basi simu ya shangazi unaiacha iite, usisikike ukiongea Tshiluba, lugha ya Kasai. Siku hiyo huenda asikuseme mtu yeyote, na bado umechoka. Tafiti nyingi zimeona watu wanaoishi hivi wakisumbuliwa zaidi na huzuni, wasiwasi na usingizi mbaya.

Lubumbashi kuna jingine. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu, wakafukuzwa majumbani. Familia zikalala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni. Anayelitamka neno hilo leo kwa utani huenda hakuwa amezaliwa. Mama wa unga alikuwepo.

Na yule mteja? Pengine alitaka maongezi tu, mimi siwezi kumhukumu. Yale maswali 9 nayo hayaulizi nia yake. Yanamuuliza mama.