Kwa treni peke yako, kutoka Yorkshire hadi milima ya Uskoti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetaka kusafiri peke yake kwa treni kaskazini mwa Uingereza na Uskoti hukatishwa tamaa kabla hata hajaulizia nauli. Ataambiwa ni ghali, ni upweke, mpakani atasimamishwa, na asipopanda ile treni ya mvuke basi hajaona kitu. Maneno haya nimeyasikia kwa jamaa walioko Nairobi, Muscat na hata Leeds kwenyewe. Mengi hayana msingi, na yanawanyima watu safari inayomfaa mtu mmoja kuliko nyingi ninazozijua.

"Bila treni ya mvuke, hujaiona Glenfinnan"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Treni ya mvuke iitwayo Jacobite, iliyopata umaarufu kupitia filamu, huenda kati ya Fort William na Mallaig kwa msimu tu. Tiketi zake huisha mapema, na nauli yake ni kubwa kuliko ya treni ya kawaida kwa mbali. Ila treni ya kawaida ya ScotRail, kampuni ya treni ya Uskoti, hupita reli ileile, juu ya daraja lilelile la zege la Glenfinnan lenye matao 21, kiangazi na kipupwe.

Tena treni hiyo ya kawaida huanzia Glasgow, stesheni ya Queen Street, ndiyo maana inakupitisha mahali ambapo abiria wa mvuke hapaoni kamwe: Rannoch Moor. Ni nyika pana ya maji na udongo tepetepe. Wajenzi wa reli hii, iliyofika Fort William mwaka 1894, hawakupata ardhi ngumu ya kushikilia, wakatandika matawi, udongo na majivu, na reli ikalala juu ya tandiko hilo hadi leo. Humo nyikani kuna stesheni ya Corrour, mita 408 juu ya usawa wa bahari, isiyofikiwa na barabara yoyote ya umma. Unashuka, treni inaondoka, na hakuna gari litakalopita. Kwangu mimi, hapo pekee panatosha kulipia nauli.

Keti upande wa kulia ukitoka Glasgow. Ziwa la Loch Lomond litakuwa upande huo, na kwa kuwa treni hugeuza mwelekeo Fort William, kiti chako kitakuwa kushoto, na hapo utaliona vizuri daraja la Glenfinnan na ziwa la Loch Shiel. Na sikiliza matangazo: treni nyingi za njia hii hukatwa vipande viwili Crianlarich, mabehewa mengine yakaenda Oban na mengine Mallaig. Aliye peke yake hana wa kumshtua.

Kuna kisa kingine kilichosimuliwa miaka mingi, kwamba farasi na mkokoteni wake walitumbukia ndani ya nguzo ya daraja la Glenfinnan wakati wa ujenzi na wangali humo. Mwaka 1987 Profesa Roland Paxton alipenyeza kamera ndani ya nguzo zile na hakukuta kitu. Mwaka 2001 vipimo vikaonyesha mabaki ya farasi na mkokoteni, ila ndani ya daraja jingine, Loch nan Uamh, mbele kidogo kwenye njia hiyohiyo. Ajali ilikuwa ya kweli; waliosimulia walikosea daraja.

"Mpakani kuna ukaguzi, na Uskoti ina viza yake"

Hapana. Viza ya mgeni wa Uingereza inakufikisha Uskoti pia, na treni haisimamishwi kwa ajili ya pasipoti. Mkenya na Mtanzania wanahitaji viza hiyo kabla ya kusafiri. Raia wa Oman na nchi nyingine za Ghuba huomba kibali cha mtandaoni. Viza ya Schengen haifai kitu huku. Pesa ni pauni ileile, ingawa benki za Uskoti huchapa noti zenye sura tofauti.

Kuhusu mpaka wenyewe, watu huonyeshana mahali pasipo penyewe. Ukuta wa Hadrian, ambao Warumi walianza kuujenga mwaka 122, uko wote upande wa Uingereza yenyewe (England), si Uskoti; unaufikia kwa treni ya Newcastle hadi Carlisle, ukashuka Hexham au Haltwhistle. Na lile daraja la Berwick liitwalo Royal Border Bridge, lenye matao 28, lililofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1850, haliko mpakani. Mpaka uko maili chache mbele, kaskazini, pembeni ya bahari. Ukielekea Edinburgh, bahari iko kulia.

"Treni za huko ni za matajiri"

Hapa kuna ukweli nusu. Anayenunua tiketi siku hiyohiyo kwa safari ndefu ya asubuhi anaweza kulipa pesa ya kutisha. Lakini kiti hichohicho, kikinunuliwa mapema, huuzwa kwa bei ya chini sana. Tiketi hizo za mapema hutolewa takriban wiki 12 kabla. Ubaya wake ni kwamba zinakufunga kwenye treni moja na huruhusiwi kukatiza safari njiani, kwa hiyo hazimfai anayetaka kushuka Durham kutazama kanisa kuu lake kisha kuendelea. Huyo anunue kwa vipande. Kugawa tiketi ni halali kabisa, ilimradi treni yako isimame kwenye stesheni ulipogawia.

Uskoti nako, tangu tarehe 1 Septemba 2025, ScotRail imefuta nauli ya juu ya saa za msongamano. Unalipa bei moja asubuhi na mchana.

Kuna jambo linalomuumiza msafiri wa peke yake, na ni haki lisemwe. Kadi za punguzo la theluthi zipo kwa vijana hadi miaka 30, wazee kuanzia 60, familia na watu wawili wanaosafiri pamoja. Mtu wa miaka 45 anayesafiri peke yake upande wa kaskazini hana kadi yake, isipokuwa awe na ulemavu au aliwahi kutumikia jeshi. Naona hilo ni kosa la mfumo. Anayetoka nje ya nchi aangalie pasi ya BritRail, isiyouzwa kwa wakazi wa Uingereza.

"Settle–Carlisle ni reli ya maonyesho"

Ni treni ya kawaida ya kampuni ya Northern, inayoondoka Leeds kwenda Carlisle kupitia Settle, ikiwa na wanafunzi na wenye mifuko ya sokoni. Abiria wa kwanza walipanda mwaka 1876. Daraja la Ribblehead kwenye reli hii lina matao 24, na wafanyakazi wengi wa reli hii, pamoja na watoto wao, walikufa kwa ajali na ndui wakazikwa Chapel-le-Dale. Miaka ya 1980 serikali ilitaka kuifunga. Maelfu ya watu waliandika kupinga, na mbwa mmoja, Ruswarp, akatia alama ya unyayo wake kama abiria aliyelipiwa nauli. Mwaka 1989 reli ikanusurika. Sanamu ya mbwa huyo iko stesheni ya Garsdale.

"Peke yako utakosa usalama"

Hatari ninayoiona kubwa ni kukosa treni ya mwisho. Vituo vya milimani vina treni chache kwa siku, na Jumapili hupungua zaidi. Desemba jua linazama Fort William kabla ya saa 10 alasiri, wakati Juni mwanga hukaa hadi saa 4 usiku. Ndani ya behewa, ukisumbuliwa, tuma ujumbe mfupi kwa polisi wa reli, namba 61016; hulazimiki kupiga simu mbele ya anayekusumbua. Na kwenye treni ya usiku kutoka London, Caledonian Sleeper, hulazwi chumba kimoja na mtu usiyemjua. Haisafiri Jumamosi usiku.

"Chakula cha halali hakuna, kula samaki tu"

Glasgow, Bradford na Leeds zina migahawa mingi ya halali. Vijijini ndiko kugumu, na hapo watu hukimbilia samaki na chipsi wakidhani wamesalimika. Kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire hasa, maduka mengi hukaangia mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla ya kuagiza. Wenye duka wamezoea swali hilo na hujibu bila kinyongo.