Kompyuta ya wingu katika utabiri wa hali ya hewa: maana yake

Kompyuta ya wingu ni nguvu ya kompyuta inayokodishwa kupitia intaneti. Mashine zenyewe ziko kwenye jumba la seva, pengine nje ya nchi. Wewe uliye Kisumu unazipa kazi, unalipia muda uliozitumia, kisha unaziachia. Ni kama trekta la kukodi: anayelima mara mbili kwa mwaka hana haja ya kulinunua.

Utabiri unahitaji nguvu hiyo kwa kuwa ni hesabu tupu. Modeli, yaani programu inayoiga anga kwa hesabu, huigawa anga katika miraba, na kila mraba hukokotolewa joto, upepo, mgandamizo na unyevu, hatua kwa hatua. Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson, mwanasayansi Mwingereza, alichapisha jaribio lake la kukokotoa kwa mkono. Utabiri wa saa sita tu ulimla majuma kadhaa, na jibu likatoka kombo.

Sasa tazama Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu. GFS, modeli ya Marekani inayotabiri dunia nzima, ina miraba ya kilomita 13 hivi. Mlango wa ghuba pale kwenye kisiwa cha Rusinga ni mwembamba kuliko mraba mmoja. Na huku kwetu mvua nyingi hupikwa na ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kusukuma unyevu hadi milima ya Nandi na Kericho. Usiku hugeuka, na radi hukusanyika juu ya maji saa ambazo wavuvi wa omena wa Dunga wako ziwani na taa zao. Ili kuyaona hayo unahitaji miraba ya kilomita chache tu, na hapo ndipo penye gharama: ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, miraba huwa mara nne na hatua za muda mara mbili. Kazi mara nane!

Modeli ya WRF, inayoweza kukokotoa eneo dogo kwa miraba midogo hivyo, hupatikana bure, na data za GFS za kuianzishia, zinazotoka mara nne kwa siku, zimeshawekwa kwenye maghala ya Amazon na Google. Hesabu inafanyiwa hukohuko ziliko data. Kwako zinafika ramani tu.

Wauzaji wa kompyuta ya wingu hupenda kuisifu mno. Seva hazipimi upepo: ziwani vituo ni vichache, na modeli iliyoanzishwa kwa vipimo hafifu hutoa ramani za kupendeza zenye makosa. Halafu kuna bili. Mashine iliyosahauliwa ikiwaka inalipiwa hata kama haifanyi chochote, kwa hiyo weka amri ya kuizima ndani ya programu yenyewe, mara modeli inapomaliza.