Redio ya setilaiti: hilo "ya" linabeba nini?

Mtu ananionyesha spika ndogo iliyo mezani, inapiga muziki wa kituo cha mbali, ananiambia kwa furaha: "Nimeongeza redio ya setilaiti kwenye muziki wangu wa nyumbani." Namuuliza antena iko wapi. Antena hana, ana waifai. Sentensi hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona niiandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Redio ya setilaiti ni matangazo ya sauti ambayo kipokezi cha msikilizaji kinayanasa moja kwa moja kutoka angani kwa antena yake chenyewe. Kituo kinarusha mawimbi juu, setilaiti inayapokea, inayaongezea nguvu, inabadili masafa yake na kuyarudisha chini juu ya eneo pana, hata bara zima. Mengine yote ni nyongeza.

Mkanganyiko nadhani unaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Neno "redio" kwetu linafanya kazi tatu. Nimenunua redio: hicho ni kifaa. Anafanya kazi redioni: hicho ni kituo. Tumesikia kwenye redio: hayo ni matangazo. Halafu linakuja hilo "ya", ambalo halichagui mzigo. Redio ya betri, tunataja kinachoiwasha. Redio ya gari, tunataja inapokaa. Redio ya taifa, tunataja mwenyewe. Kwa hiyo mtu akisikia "redio ya setilaiti" anajijazia anachotaka: labda redio ya kisasa, labda redio inayoleta vituo vya mbali, labda redio yenye chaneli nyingi. Kumbe "ya" hii inataja njia. Inasema sauti imepita wapi kabla ya kukufikia, na haisemi lolote zaidi ya hapo.

Na hiyo setilaiti ni nini? Neno limetoka Kilatini, satelles, yaani mtu anayeandamana na mkubwa kumlinda na kumhudumia. Mpambe, kwa neno letu. Mtaalamu wa nyota Galileo alipoiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii mwaka 1610, mwenzake Kepler ndiye aliyeiita kwa neno hilo katika maandishi yake ya 1611, kwa sababu ilikuwa inaizunguka sayari kama wapambe. Baadaye jina likahamia kwenye vyombo tunavyorusha wenyewe. Waarabu walichukua njia nyingine wakakiita chombo hicho mwezi wa kutengenezwa, na ni jina zuri sana, lakini la mpambe nalipenda zaidi kwa sababu linafundisha. Mpambe hasemi lake. Setilaiti haina studio wala mtangazaji. Inapokea ujumbe wa aliyeko chini na kuufikisha.

Ukishika hilo, utaona kwa nini spika ya waifai haimo. Sauti yake imekuja kwa intaneti: seva, nyaya, ruta, kisha spika. Kampuni ya SiriusXM ya Marekani inarusha chaneli zake kwa setilaiti, na pia inazitoa kwa programu ya simu. Chaneli ni ileile, mtangazaji ni yuleyule, lakini ukiisikiliza kwa programu hiyo unasikiliza redio ya intaneti. Zima ruta: ikinyamaza, umeshapata jibu.

Kosa la pili ni hilohilo, kichwa chini miguu juu. Kituo cha FM kinapokea taarifa ya habari ya idhaa ya kimataifa kwa setilaiti, kisha kinairusha kwa mnara wake. Msikilizaji anasema kituo chake ni redio ya setilaiti. Hapana. Kituo ndicho kilichopokea kutoka angani. Redio yako imepokea kutoka mnarani, kwenye masafa yaleyale ya kati ya megahezi 87.5 na 108. Kinachohesabika ni hatua ya mwisho, ile inayoingia nyumbani kwako. Wenye chaneli za redio ndani ya king'amuzi cha televisheni sitawabishia sana, maana sauti hiyo kweli imeshuka kutoka setilaiti. Ila inahitaji ungo uliofungwa na kulengwa mahali pamoja, na huduma yenyewe ni ya televisheni iliyobeba redio mgongoni. Redio ya setilaiti iliundwa ipokewe bila ungo, hata gari likiwa mwendoni.

Kuna jambo moja ni haki kulikubali. Vipokezi vingi vya nyumbani vya SiriusXM vina ukurasa wa kupimia mawimbi wenye mistari miwili: mmoja wa setilaiti, mwingine wa ardhini. Miji yenye majengo marefu inaziba anga, hivyo kampuni husimika mitambo ya kurudia mawimbi mitaani. Mkazi wa katikati ya mji anaweza kuona mstari wa ardhini umejaa na ule wa setilaiti hauna kitu. Je, huyo anasikiliza redio ya setilaiti? Ndiyo. Mtambo ule unarudia matangazo yaleyale, ndani ya fungu lilelile la megahezi 2,320 hadi 2,345, kwa kipokezi kilekile. Ni msaidizi wa mpambe.

Sasa kuongeza huduma hii kwenye muziki wa nyumbani, kwa wale walio Marekani au Kanada inakopatikana. Unachoongeza ni vitu vitatu: kipokezi, antena yake ndogo, na waya wa kwenda kwenye amplifaya, juu ya ada ya uanachama. Setilaiti za aina ya kusimama juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo mtu wa kaskazini huelekeza antena kusini, dirishani, huku akitazama mstari wa setilaiti ukipanda. Dakika kumi za kusogeza antena kidogo kidogo zina faida kuliko waya wa bei mbaya.

Nyuma ya amplifaya kuna matundu mekundu na meupe. Chomeka kwenye AUX au TUNER, usiguse PHONO. Tundu la PHONO limetengenezwa kwa sindano ya santuri, yenye umeme wa milivolti chache tu, na ndani yake mna saketi ya kuukuza na kurekebisha besi. Ukiliingizia kipokezi utapata mngurumo uliopasuka, kisha utailaumu setilaiti bure. Na amplifaya ya zamani iliyoandikwa "Sirius Ready" haina redio ya setilaiti ndani yake. Ina nafasi ya kuipokea, basi. Kipokezi kilinunuliwa peke yake.

Afrika nayo iliwahi kuwa na redio ya setilaiti ya kweli. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti yake ya AfriStar Oktoba 1998, na vipokezi vyake vidogo vikanasa sauti safi mahali ambapo FM haikufika. Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa madeni, na huduma haikudumu baada ya hapo. Vile vipokezi vilikuwa bado vizima, vinawaka taa, lakini havikuwa na cha kupokea. Mwenye spika ya waifai hajui unyonge huo, kwa sababu hakuwahi kuitegemea setilaiti ile.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa spika ya mezani, muziki wako unapendeza na sina la kuupunguzia. Ila hiyo ni redio ya intaneti. Siku utakapoweka kipokezi na antena ikatazama anga, niite tuangalie mistari miwili pamoja.