Tengefu: bahari ikifungwa, nani anafaidi?

Mbele ya kijiji cha Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, kuna maboya yanaelea juu ya maji. Ndani ya maboya hayo hakuna dema, hakuna mshipi, hakuna nyavu, hata mwokota kombe haingii. Eneo lenyewe si kubwa, yapata hekta 30 tu. Wanakijiji walilifunga wenyewe katikati ya miaka ya 2000, baada ya kuona kila mwaka wanarudi na samaki wachache, tena wadogo kuliko wa mwaka uliopita. Wanaliita tengefu.

Neno halina fumbo. Kilichotengwa kimetengeka, na kilichotengeka ni kitengefu, kama vile kilichokamilika kilivyo kikamilifu. Lisichanganywe na tenga, lile kapu la samaki, ingawa mcheshi akisema kazi ya tengefu ni kujaza matenga hatakuwa mbali na ukweli. Kwa maana ya kitaalamu, tengefu ni sehemu ya bahari yenye mipaka inayojulikana, ambayo kwa sheria au kwa makubaliano ya wenyeji haivuliwi wala hakichukuliwi humo kitu chochote, ili viumbe vilivyomo vikue na kuzaana.

Maana ni nyepesi. Majina ndiyo yanayotatanisha. Kenya, serikali ina mbuga za taifa za baharini, kama Kisite, ambamo uvuvi umekatazwa kabisa, na ina hifadhi, kama Mpunguti iliyo jirani yake, ambamo uvuvi wa zana za asili unaruhusiwa. Vuka mpaka uingie Tanzania, mambo yanageuka. Chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, hifadhi ya bahari ni eneo kubwa lenye watu. Ile ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ina kilomita za mraba 822 na vijiji ndani yake. Watu wanaishi humo na wanavua kwa kufuata kanda zilizopangwa. Eneo tengefu ndilo lisilovuliwa, kama Mbudya na Bongoyo mbele ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Shimoni, kule Kenya, na mtu wa Utende, kule Mafia, wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya neno "hifadhi", na wote wawili wakawa sahihi. Ukisikia eneo limehifadhiwa, usiulize jina lake. Uliza: panavuliwa au hapavuliwi?

Tuseme hapavuliwi. Ndani ya maboya kunatokea nini?

Mwanzoni hakuna la kushangaza. Tasi na wengine wanaokua upesi huongezeka kwanza. Wanaokawia, hasa chewa wakubwa, wanahitaji muongo mzima au zaidi, na hapo ndipo uvumilivu wa watu hukatika. Lakini kadiri miaka inavyokwenda, mwamba wenyewe hubadilika kwa njia ambayo mtu asingeitazamia. Chukua kikande, samaki ambaye sokoni hapewi heshima ya changu. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya, uliofanywa na mwanaikolojia Tim McClanahan na wenzake, ulionyesha kwamba kikande ni miongoni mwa walaji wakuu wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao ukiwakanyaga hutembei siku mbili. Kikande akivuliwa hadi akaisha, wenye miiba huzidi. Wakizidi, wanayakwangua matumbawe wakitafuta majani ya bahari, mpaka mwamba unakuwa kama kifusi. Mvuvi anayepeleka kikande nyumbani kwa mboga ya siku moja hana habari kwamba amemuuza mlinzi wa mwamba. Pono naye ana kazi yake: huyala majani yanayotaka kuyafunika matumbawe, na akisafisha hivyo matumbawe machanga hupata pa kushika.

Halafu kuna suala la mayai, na kwangu mimi hili ndilo kiini cha dhana nzima. Tumezoea kufikiri kwamba samaki wakubwa wawili ni sawa na wadogo wanne au watano. Kwenye kutaga hesabu haiendi hivyo. Mfano unaotajwa sana ni wa samaki mmoja mwekundu wa Ghuba ya Meksiko: jike mmoja mwenye urefu wa sentimita 61 hutaga mayai sawa na majike 212 wenye sentimita 42. Soma tena hiyo namba. Tofauti ya urefu haifiki shubiri moja. Chewa wana la ziada: wengi wao huanza maisha wakiwa majike na wachache ndio hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, hivyo ukiwatoa wakubwa wote umeondoa madume wa kijiji kizima cha chewa. Sokoni mkubwa ndiye mwenye bei, na hakuna mvuvi atakayemrudisha majini kwa sababu ana mayai mengi. Tengefu inampa mahali pa kuzeeka.

Faida hiyo inawafikiaje walio nje? Kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: samaki wakijaa ndani, wengine huvuka mpaka. Ndiyo maana mahali pengi duniani wavuvi hupenda kutega madema yao kandokando ya maboya kabisa, na kamati inayojua kazi yake haiwafukuzi, maana hayo ndiyo mavuno yenyewe. Ya pili haionekani. Mayai na vitoto vya samaki huelea na maji kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, na mkondo wa pwani yetu husukuma kuelekea kaskazini. Yai lililotagwa Mafia halina ahadi ya kuishi Mafia. Kijiji kinaweza kufunga mwamba wake na vitoto vikatua kwa jirani, wakati chenyewe kinapokea vya mwingine asiyemjua.

Watafiti wanayapimaje haya? Mzamiaji hunyoosha kamba ya mita kadhaa juu ya mwamba, kwa kawaida 50, akaogelea juu yake polepole akihesabu samaki wa kila upande na kukadiria urefu wao. Hurudia kazi hiyohiyo nje ya maboya. Mwenzake hukaa ufukweni na mizani, akipima kinachoshushwa na kuuliza mvuvi ametumia saa ngapi na zana gani. Kazi za namna hii hufanywa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Buyu, Zanzibar, na upande wa Kenya na KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyopo Mombasa. Lakini kuna mtego mmoja ambao msomaji wa taarifa hizi aujue: mara nyingi watu huchagua kufunga mwamba ambao tayari ulikuwa mzuri. Ukilinganisha ndani na nje baada ya miaka mitano, huenda unapima uzuri wa zamani, si kazi ya kufunga. Kipimo cha kuaminika ni kile kilichoanza kabla maboya hayajawekwa.

Tengefu pia ina mambo isiyoyaweza. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na kufa ndani ya mbuga na nje yake bila ubaguzi. Maboya hayazuii joto, wala tope linaloletwa na mito wakati wa masika. Jodari na nguru, wasafiri wa bahari kuu, hupita juu ya tengefu kama abiria wa basi wanavyopita kijiji wasichoshuka. Na mashua kumi zilizokuwa zikivua pale hazitoweki; huhamia sehemu nyingine, na kama huko hakuna utaratibu, uharibifu umehama tu.

Nani anafunga? Hapa ndipo tengefu nyingi huvunjika. Kuruwitu ilianzishwa na wenyewe, wakabishana, wakakubaliana, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kimefungwa tangu mwaka 1994 kwa njia nyingine: kinaendeshwa na kampuni binafsi kwa fedha za watalii, na walinzi wake walitoka katika vijiji vya wavuvi vilivyo jirani. Njia zote mbili zimefanya kazi. Kinachoshindwa ni ubao uliochomekwa ufukweni na watu waliokuja na gari asubuhi wakaondoka jioni. Nchi za dunia zilikubaliana Montreal, Desemba 2022, kuhifadhi asilimia 30 ya bahari ifikapo mwaka 2030. Lengo ni zuri, ila mtu aliyebanwa na asilimia hushawishika kupaka rangi ramani. Doria inataka mafuta ya boti kila wiki, na mwizi wa samaki hufanya kazi usiku.

Swali lingine huulizwa kwa nadra: mwamba upi umefungwa, na nani alikuwa anautumia? Maji yakipwa, wanawake hutembea kwa miguu kwenye maji ya kina kifupi, wakichokoa pweza mashimoni na kuokota kombe. Wanaume huzamia, au huenda mbali kwa ngalawa. Kamati yenye wanaume watupu ikifunga kina kifupi, itasema kijiji kimejitolea, kumbe waliojitolea ni wanawake, na wala hawakuulizwa.

Kwa sababu hizo, vijiji vingi vya ukanda wetu vimeanza na kitu chepesi zaidi: kufunga kwa muda, kwa ajili ya pweza. Mfano uliovuma ulitoka Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, ambako wavuvi wa Kivezo walifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004 kwa miezi michache. Sasa jambo hilo linafanyika Pemba, kama Kisiwa Panza, na sehemu nyingine za pwani. Huku kwetu muda wa kawaida ni kama miezi mitatu.

Kwa nini pweza? Kwa sababu maisha yake ni mafupi na ana haraka. Pweza wa mwambani huishi mwaka mmoja, au mwaka na nusu. Akiwa mdogo, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu kwa wiki chache. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake, akajifungia shimoni na mayai yake, asile chochote, akiyapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Kwa hiyo pweza wa robo kilo unayemchokoa leo, ukimwacha, utamkuta ana kilo nzima au zaidi, au utakuta ameshaacha watoto. Hakuna samaki wa mwambani anayelipa subira upesi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vijiji vya Madagaska ulikuta kwamba katika mwezi unaofuata kufunguliwa, pweza walioletwa ufukweni waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata kila mvuvi kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90. Angalia pengo kati ya namba hizo mbili: ongezeko kubwa vile halitokani na kila mmoja kupata zaidi tu. Watu nao wanakuwa wengi zaidi.

Mwamba hufunguliwa siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapotoka mbali kabisa. Alfajiri ufukwe unajaa: wenyeji, wageni wa vijiji vya jirani waliosikia habari, watoto walioacha shule. Kama hakuna masharti, kazi ya miezi mitatu inakwisha kwa siku mbili, na wageni ambao hawakufunga chochote wanaondoka na sehemu nono. Ndiyo maana baadhi ya vijiji huweka zamu, au uzito ambao pweza aliye chini yake harushwi kapuni. Na bado suala la bei hubaki. Pweza wakishuka wote asubuhi moja, mnunuzi mwenye jokofu moja ndiye anayepanga bei, kwa hiyo mazungumzo naye hufanywa mwamba ukiwa bado umefungwa, wakati kijiji bado kina kitu anachokitaka.