Je, wajua? Alumini ikipozwa sana huipita shaba, ila si alumini ya sufuria

Nyaya nyingi za umeme unazoziona zikining'inia kwenye nguzo ni za alumini. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, lakini ni nyepesi zaidi ya mara tatu. Kilo kwa kilo, basi, shaba inashindwa karibu mara mbili. Hilo ni la kawaida. Vituko vinaanza ukiipoza.

Nami hapo nilikosea vibaya. Niliamini kuwa baridi kali huondoa ukinzani, yaani jinsi metali inavyouzuia umeme, wa metali yoyote mpaka ubaki sifuri. Kumbe nilichanganya mambo mawili. Ukinzani kutoweka ghafla ndicho alichokikuta Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, alipopoza zebaki hadi karibu kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri. Alumini nayo hufanya hivyo, lakini mpaka ishuke chini ya kelvini 1.2. Shaba tupu haijawahi kuonekana ikifanya. Juu ya hapo, tuseme kwenye kelvini 20 ambapo haidrojeni huwa kimiminika, ukinzani wa alumini hupungua taratibu na hauishi.

Tena haupungui sana kwa alumini yoyote tu, na hili ndilo lililoniumbua zaidi. Ile aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) iitwayo 5083, ya kuundia boti, ukiifikisha kelvini 4 ukinzani wake hupungua karibu nusu, basi. Alumini yenye usafi wa asilimia 99.999 hupungua mara elfu moja na zaidi, kutegemea kipande chenyewe. Sufuria iliyosubuliwa kwa chakavu ingekusikitisha.

Fikiria Kariakoo saa sita mchana. Unataka kupita uchochoroni, watu wanasukumana, kila hatua bega linakugonga. Katikati ya njia kuna mkokoteni, lakini katika msukumano ule huuoni hata kama upo. Sasa rudi saa tisa usiku. Watu wamelala, njia nyeupe, unaweza kukimbia, na kitu pekee kitakachokuangusha ni ule mkokoteni. Wewe ni elektroni, ile chembe inayobeba umeme. Watu ni mtikisiko wa atomi, ambao baridi huutuliza. Mkokoteni ni atomi ngeni, ya chuma au silikoni, na huo baridi haiuondoi. Kwenye aloi mikokoteni imejaa uchochoro mzima, kwa hiyo usiku haukusaidii sana. Mfano huu unapwaya mahali pamoja: elektroni husafiri kama wimbi, na atomi zilizopangika sawasawa haziizuii hata kidogo. Kinachoizuia ni mpangilio kuvurugika.

Shaba safi nayo hunufaika na baridi. Ila ukiiweka ndani ya sumaku kali, ukinzani wake huzidi kupanda kadiri sumaku inavyoongezwa nguvu. Wa alumini hupanda kidogo, kisha hutulia.

Ndiyo maana sumaku kuu ya CMS, kitambuzi cha chembe ndogo kuliko atomi huko CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, yenye urefu wa mita 12.5, ina nyaya za niobiamu na titani zilizozungushiwa alumini safi. Nyaya hizo zikipozwa hazina ukinzani; sehemu ya waya ikipata joto na kupoteza hali hiyo, umeme hukimbilia kwenye alumini. Alumini pia haizuii sana chembe zinazopita, jambo ambalo shaba nzito isingeliweza.

Tatizo ni bili. Kuondoa wati moja ya joto kwenye kelvini 20 hudai wati 14 kwa uchache, hata kwa mashine isiyo na kasoro, na mashine hiyo haipo. Hesabu hulipa pale haidrojeni baridi inapokuwepo tayari kwa kazi nyingine, kama mafuta ya chombo cha usafiri.

Halafu alumini safi ni laini mno. Ukiipinda ikiwa baridi, ukinzani hupanda, maana umeuvuruga mpangilio. Iache ipate joto la chumbani, na sehemu kubwa ya jeraha hilo hupona yenyewe.