Kuandikishwa Si Kusoma: Dhana Potofu kuhusu Elimu Jumuishi Mtwara na Lindi

Kila Januari, watoto wa darasa la kwanza wanapoandikishwa Newala, Masasi, Nachingwea na kwingineko huku Kusini, hazikosekani kaya zinazobaki na mtoto mmoja nyumbani, na ukiuliza sababu unajibiwa kwa upole kwamba huyo ni mgonjwa. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Uziwi au ualbino si homa ya kusubiriwa ipoe ndipo mtoto apelekwe shule. Ni hali anayoishi nayo, naye ana haki ya kusoma akiwa nayo, kama inavyosema Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Kuhusu wanaodai kwamba ulemavu ni laana au kulogwa sitasema mengi. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe hawana dalili yoyote, kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo amesahau kwamba nusu ya urithi huo ni wake.

Dhana inayodhuru zaidi, ambayo hata wasomi wanayo, ni kwamba mtoto akishaketi katika darasa la kawaida, elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake, imekamilika. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi, na mwanafunzi anayewekwa nyuma ya darasa hunakili makosa kutoka kwa jirani hadi aitwe mzito wa kuelewa, ilhali tatizo lake ni kwamba haoni ubao. Anachohitaji ni kukaa mbele, mbali na mwanga mkali wa dirishani, kuruhusiwa kuusogelea ubao na kupewa maandishi makubwa. Anahitaji pia kofia pana na mikono mirefu, na asipangiwe kazi za juani saa sita mchana. Jambo hilo liwahusu na wazazi wakati wa kuokota korosho, kwa kuwa jua ndilo linalomletea saratani ya ngozi.

Kwa mwanafunzi kiziwi kosa ni kubwa zaidi. Wapo wanaodhani lugha ya alama ni ishara za kubahatisha, au kwamba itamzuia mtoto kujifunza kusema. Ukweli ni kwamba ni lugha kamili yenye sarufi yake, nayo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kwamba ufundishaji wa kusema upewe nafasi badala ya alama, na vizazi vya viziwi wa Ulaya na Marekani vililipa gharama ya uamuzi huo. Nayo sheria yetu, pamoja na kutaka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, inaacha nafasi kwa anayehitaji mawasiliano maalumu. Kwa maoni yangu, shule maalumu yenye walimu wanaoijua lugha ya alama ni bora kuliko darasa la kawaida ambamo mtoto hunakili ubao kwa mwandiko mzuri bila kujua umeandikwa nini.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu. Wazungu wenyewe hawajakubaliana: Italia ilianza kuyaondoa madarasa maalumu kwa sheria ya mwaka 1977, wakati Ujerumani, pamoja na utajiri wake, imeendelea kuwa na shule nyingi za kuwatenga wenye ulemavu. Kwa upande mwingine, katika kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, ambako uziwi wa kurithi ulienea, wanakijiji wanaosikia nao walijifunza alama za wenzao bila kuagizwa na mradi wowote. Hapa kwetu, mvulana wa Kimakonde au wa Kiyao hapimwi akili ndipo aingizwe jandoni. Huingia kwa sababu umri wake umefika.

Inabaki hoja ya fedha. Mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, ni ghali kweli, na halmashauri haina budi kuitengea bajeti. Lakini kuhamishia darasa la mtoto wa kiti cha magurudumu kwenye chumba kisicho na ngazi ni kazi ya mwalimu mkuu na wanafunzi wachache wa kubeba madawati, asubuhi moja.